Mkopo wa Elimu ya Juu: Haki ya Mtoto wa Mkulima na Wajibu wa Msomi

Utangulizi

Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwaka, swali moja huletwa katika matawi yetu, katika shule zetu za sekondari na katika vikao vya vijana. Swali lenyewe ni hili: kijana amefaulu, nafasi ya chuo anaipata, lakini fedha za kumsomesha zitatoka wapi? Kwa mtoto wa mfanyabiashara mkubwa swali hilo halipo. Kwa mtoto wa mkulima wa pamba, wa mvuvi, au wa mhudumu wa zahanati, swali hilo ndilo linaloamua kama miaka 13 ya masomo itamfikisha chuoni au itaishia mlangoni.

Wengi wetu tumezoea kulijibu swali hili kama jambo la utaratibu tu: kuna fomu, kuna tarehe ya mwisho, nenda ukajaze. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Nyuma ya fomu kuna uhusiano kati ya dola na mwananchi, kati ya mlipa kodi na msomi, na kati ya kizazi kinachosoma sasa na kizazi kitakachosoma kesho. Kada asiyeuelewa uhusiano huo atamsaidia kijana mmoja kwa bahati, na atawaumiza kumi kwa kutojua.

Katika makala haya tutajaribu kueleza mambo manne. Kwanza, tulifikaje katika utaratibu wa mikopo. Pili, mkopo wenyewe ni kitu gani, na unaombwaje. Tatu, mgongano uliomo ndani ya utaratibu huu, ambao humfanya maskini wa kweli ashindwe kuthibitisha umaskini wake. Nne, deni hili hulipwa na nani, na asiyelipa anamnyonya nani.

Tulikotoka

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 wasomi wake walikuwa wachache mno. Oktoba mwaka huo huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza kazi katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na masomo ya Sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15. Kila mmoja wao alisomeshwa na umma. Hakukuwa na njia nyingine, kwa sababu Taifa lilihitaji madaktari, wahandisi na walimu, na wazazi wa Kitanganyika wenye uwezo wa kulipa gharama za Chuo Kikuu walikuwa wa kuhesabika.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba elimu ile ilikuwa ya bure kwa maana ya kutodaiwa cho chote. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo waitumikie nchi katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba katika miezi 18 ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Matokeo yanajulikana: zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunachopaswa kujifunza hapa ni kwamba suala la msomi kurudisha kwa umma kile alichopewa halikuanza na Bodi ya Mikopo. Wakati ule deni lililipwa kwa utumishi, na leo linalipwa kwa fedha.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea viliweka msingi wa kinadharia: elimu haikusudiwi kumtenga msomi na wenzake bali kumwezesha kuwatumikia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbele zaidi. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita alitakiwa kwanza afanye kazi, ndipo aombe Chuo Kikuu, naye alihitaji kupendekezwa na mwajiri wake na tawi la Chama mahali pake pa kazi. Kwa hiyo wakati huo tawi lilikuwa na sauti katika kuamua nani akasome. Tutalirudia jambo hili, maana lina mafunzo kwa viongozi wa mitaa na vijiji wa sasa.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya kwanza ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, ukame, na kushuka kwa bei ya mazao yetu katika soko la kibepari vilikausha hazina ya nchi. Mwaka 1986 tuliingia katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti ya marekebisho ya uchumi yakagusa huduma zote za jamii, elimu ya juu ikiwemo. Kuanzia mwaka 1992 ikaja sera ya kuchangia gharama. Mzazi alianza kubeba mambo kama nauli na ada ya usajili. Baadaye zamu ikafika ya chakula na malazi, na hapo ndipo mkopo wa wanafunzi ulipozaliwa. Ndiyo maana sheria inahesabu kuwa deni fedha zote zilizokopeshwa tangu Julai 1994, hata kabla ya kuwapo Bodi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina Bodi yake. Katika mwaka wake wa kwanza Bodi ya Muungano ilitoa mikopo ya zaidi ya shilingi bilioni 50. Kwa mwaka wa fedha 2022/23 zilitengwa shilingi bilioni 654, na kwa mwaka 2024/25 zaidi ya bilioni 780. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Ongezeko hili ni kubwa. Lakini waombaji nao wameongezeka, kwani shule za sekondari za kata zimewafikisha Kidato cha Sita vijana ambao babu zao hawakuingia darasani hata siku moja. Bila kujali fungu ni kubwa kiasi gani, bado linagawanywa kwa kuchagua, na po pote penye kuchagua pana swali la haki.

Mkopo huu ni kitu gani

Mkopo wa elimu ya juu si ruzuku, wala si zawadi ya kiongozi, wala si biashara ya benki. Ni fedha za umma zinazotolewa kwa Mtanzania mhitaji aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, kwa ahadi ya kuzirudisha ili mwingine azitumie.

Mkopo hugawanyika katika mafungu: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wenyewe huliita bumu, liliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Fedha za ada huenda moja kwa moja chuoni. Fedha za kujikimu humfikia mwanafunzi mwenyewe, baada ya kuthibitisha kwamba yupo chuoni anasoma.

Si kila anayepata mkopo hupata mafungu yote kwa ukamilifu. Bodi hupima uwezo wa familia, kisha hukadiria mzazi anaweza kuchangia kiasi gani, na mkopo hujaza pengo linalobaki. Wanaotangulizwa ni yatima, wenye ulemavu au wenye wazazi wenye ulemavu, na watoto wa kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF. Fani anayosomea mwombaji pia huangaliwa. Tofauti na mkopo upo ufadhili wa Samia ulioanzishwa mwaka 2022 kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, huo haurudishwi.

Namna ya kuomba

Tunaeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu uzoefu unaonyesha kwamba vijana wengi hawakosi mkopo kwa kukosa sifa. Wanaukosa kwa karatasi moja, kwa herufi moja ya jina, au kwa siku moja.

Hatua ya kwanza ni kusoma mwongozo. Bodi hutoa mwongozo kila mwaka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na masharti hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kijana asitumie maelezo ya kaka yake aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Mwongozo wa mwaka husika ndio wenye kauli ya mwisho.

Hatua ya pili ni kuandaa vyeti kabla dirisha halijafunguliwa. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au na wakala husika wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anahitaji uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Aliye katika kaya ya TASAF anahitaji namba ya kaya. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili anahitaji barua ya mfadhili huyo, kwa sababu bila barua hiyo ada kubwa aliyolipiwa itahesabiwa kuwa ni uwezo wa wazazi wake.

Hatua ya tatu ni kujisajili katika mtandao wa Bodi kwa kutumia namba ya mtihani wa Kidato cha Nne. Jina litakalotokea ni lile la Baraza la Mitihani. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi na cheti cha mtihani kinasema Mwanaamisi, tatizo limeshaanza. Jambo hili lirekebishwe mapema kisheria, lisingojee wiki ya mwisho.

Hatua ya nne ni kulipa ada ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 30,000, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Fedha hii hulipwa Serikalini kwa namba hiyo tu. Mtu ye yote anayetaka alipwe mkononi au kwa simu yake binafsi ili "kumwombea" kijana mkopo ni tapeli.

Hatua ya tano ni kujaza taarifa za familia: kazi za wazazi, shule alizosoma mwombaji, waliomlipia. Hapa tuna onyo. Vijana wengi wa vijijini hujaziwa fomu na mwenye duka la steshenari mjini. Mtu huyo ana haraka, foleni ni ndefu, na penye mashaka hubuni. Huandika kwamba baba ni mfanyabiashara kwa sababu anauza mahindi gulioni. Huandika namba yake ya simu na kubaki na neno la siri la mwombaji. Kijana akae kando yake, asome kila mstari kabla ya kukubali, na neno la siri liwe lake. Aidha asijaribu kudanganya. Kutoa taarifa za uongo ni kosa kisheria, na pia ni kumnyang'anya mwenzako aliyesema kweli.

Hatua ya sita ni kuchapisha fomu na mkataba na kuzitia saini. Husaini mwombaji, mdhamini wake, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji anapoishi, na kamishna wa viapo, ambaye ni wakili au hakimu. Picha na kitambulisho cha mdhamini huambatishwa. Kisha kurasa zilizosainiwa na kupigwa mihuri hurudishwa katika mfumo kwa kupigwa picha ya mashine. Ukurasa mmoja usio na muhuri unatosha kulifanya ombi zima lihesabiwe pungufu.

Hatua ya saba ni kufuatilia. Bodi hutoa matokeo kwa awamu, na kila mwombaji huyaona katika akaunti yake. Kukosa jina katika awamu ya kwanza si mwisho. Asiyeridhika na kiwango alichopangiwa, au aliyekosa kabisa, ana haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa, akiambatisha ushahidi ambao hakuutoa awali. Waliokata tamaa mapema ndio waliopoteza haki hii.

Umaskini usio na karatasi

Sasa tuingie katika kiini cha makala haya. Fomu ya mkopo, kwa asili yake, ni hati ya kupima tabaka. Inauliza mzazi anafanya kazi gani, ana mali gani, mtoto alisomea wapi, nani alilipa. Inajaribu kumtenganisha mwenye nacho na asiyekuwa nacho ili fungu dogo limfikie anayestahili. Nia hii ni sahihi kabisa na inaafikiana na itikadi yetu.

Lakini fomu haiuoni umaskini wenyewe. Inaona karatasi zinazouthibitisha. Na hapa pana mgongano. Mwenye karatasi zilizokamilika ni yule aliyezaliwa hospitali ya mjini, ambaye wazazi wake wanajua kusoma, ofisi ya wilaya iko jirani, na nauli ya kufuatilia ipo. Asiyekuwa na karatasi ni yule aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, katika kijiji ambacho makao makuu ya wilaya ni safari ya siku nzima.

Tuchukue mfano wa kijana ambaye baba yake alifariki kijijini miaka 10 iliyopita. Alizikwa siku ya pili, ndugu wakala matanga, wakatawanyika. Hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu: marehemu hakuwa na akaunti ya benki wala pensheni ya kudaiwa. Kijiji kizima kinajua kwamba mtoto huyu ni yatima. Kwenye fomu yeye si yatima, ila ni mtu aliyedai jambo bila uthibitisho. Wakati huo huo mtoto wa ofisa mjini, aliyefiwa na baba aliyeacha nyumba mbili, ana cheti cha kifo kilichohakikiwa. Utaratibu uliokusudiwa kumtanguliza mnyonge unaweza hivyo kumtanguliza mwenye nafuu, bila mtu ye yote kuvunja sheria.

Serikali imelitambua tatizo hili. Tangu mwaka 2013, kwa kuanzia na Mkoa wa Mbeya, usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulianza kusogezwa kwenye kata na vituo vya afya, na cheti cha kwanza kutolewa bila malipo. Hii ni hatua ya kimapinduzi katika utawala, ingawa haina kishindo. Lakini tukumbuke kwamba vijana wanaomaliza Kidato cha Sita sasa walizaliwa kabla ya mpango huo kuanza. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo pengo hili litaendelea kuwaumiza watoto wa vijijini, na litazibwa tu na kazi ya makusudi ya viongozi wa ngazi za chini.

Ada ya maombi nayo tuipime kwa macho hayo hayo. Shilingi 30,000 kwa mfanyakazi wa mjini ni kidogo. Kwa kaya inayongoja mavuno, pamoja na nauli, uhakiki wa vyeti, wakili na steshenari, jumla yake ni mbuzi mmoja au zaidi, na inatakiwa mwezi ambao mbuzi hauziki kwa bei nzuri. Tunasema hivi si kwa kupinga ada, bali kwa sababu maandalizi lazima yaanze mapema, wakati wa mavuno, na si wakati wa dirisha.

Muhuri si fadhila

Tulisema kwamba baada ya Azimio la Musoma tawi la Chama lilipewa sauti katika kumpendekeza mwombaji wa Chuo Kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na shabaha njema, lakini ulifungua pia mlango wa upendeleo mahali ambapo kiongozi aliugeuza uwezo aliopewa kuwa mali yake binafsi. Leo hatari hiyo iko katika saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji.

Kiongozi anayesaini fomu hatoi kibali cha mkopo. Anathibitisha ukweli anaoujua: kwamba kijana huyu anaishi hapa, kwamba wazazi wake ni hawa, kwamba hali yao ni hii. Kazi hiyo tayari analipwa kwa heshima na dhamana aliyopewa na wananchi. Kwa hiyo kiongozi anayedai "hela ya wino", anayemzungusha kijana siku nne, au anayeulizia kwanza kadi ya Chama, ametenda makosa matatu kwa pamoja. Amekula rushwa au kuitafuta, amemnyima raia huduma iliyo haki yake, na amekichafua Chama kilichomteua. Mwenyekiti wa kijiji ni wa wanakijiji wote, pamoja na wale wasiompigia kura. Mtoto wa mpinzani ana njaa ile ile ya elimu, na akisoma atatibu wagonjwa wale wale.

Kosa la upande wa pili ni kusaini bila kusoma. Kiongozi anayethibitisha kwamba tajiri wa kijiji, mwenye mashine ya kukoboa na malori, ni mkulima mdogo, anadhani amemfanyia jirani wema. Kwa hakika amemhamishia tajiri fungu la maskini. Huo ni unyonyaji kwa njia ya muhuri.

Deni hulipwa na nani

Kisheria, mnufaika huanza kulipa miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Aliyejiajiri naye anawajibika kulipa. Kiwango cha makato kilikuwa asilimia 8 kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016.

Mfano utasaidia. Tuseme mwalimu anadaiwa shilingi 10,000,000. Ikiongezwa ada ya utawala ya asilimia 1, yaani 100,000, deni ni 10,100,000. Mshahara wake wa msingi ukiwa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi. Atamaliza katika mwezi wa 85, yaani miaka saba na mwezi mmoja. Mshahara ukipanda, atamaliza mapema zaidi.

Zamani hali ilikuwa nzito kuliko hiyo. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni la milioni 10, tozo hiyo peke yake ilikuwa 600,000 kwa mwaka, wakati makato ya mwaka mzima ya mwalimu wetu ni 1,440,000. Karibu nusu ya jasho lake haikupunguza deni hata kidogo, na aliyekaa miaka bila ajira aliona deni likikua akiwa mikono mitupu. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa. Kinadharia, uamuzi huo uliirudisha mikopo katika maana yake ya asili: umma unarudishiwa ulichotoa, haufanyi biashara ya riba na watoto wake.

Hata hivyo bado kuna udhaifu. Anayelipa kwa ukamilifu ni mwenye mshahara unaoonekana: mwalimu, nesi, ofisa kilimo. Msomi aliyekopa vile vile, kisha akafungua biashara kubwa na kuficha mapato yake, hujificha pia deni. Kwa hiyo mzigo huelekea kumwangukia mfanyakazi, na ukupe humwelekea mwenye uwezo. Mwajiri anayeficha orodha ya wafanyakazi wake wenye mikopo anashiriki ukupe huo.

Makosa mawili ya kinadharia

Katika mijadala ya wanafunzi tumekuta mawazo mawili yanayoonekana kupingana, lakini yote mawili yanapotosha.

Wazo la kwanza linasema: elimu ni haki, kwa hiyo kulipa deni ni dhuluma. Wenye wazo hili husahau kuuliza fedha zinatoka wapi. Zinatoka katika kodi, na kodi inalipwa pia na mama anayenunua sabuni na sukari katika duka la kijiji, ambaye hana mtoto aliyevuka Kidato cha Nne. Mwalimu Nyerere mwaka 1964 alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiyelipa ni yule aliyekula akaendelea na safari yake. Kijana anayenyimwa mkopo kwa kuwa fungu limekwisha ndiye anayelipia ukaidi huo.

Wazo la pili linasema: kwa kuwa ni mkopo, ni jambo la mtu binafsi, akisoma atafaidi mwenyewe, basi ajitegemee. Hilo ni wazo la kibepari lililovaa nguo za kujitegemea. Daktari hatibu nafsi yake peke yake, na mwalimu hafundishi watoto wake tu. Kama faida ya elimu ni ya jamii, jamii nayo ina wajibu wa kuigharamia, na kumtaka mtoto wa mkulima abebe peke yake gharama hiyo ni kuurudisha mlango wa chuo kwa wenye fedha.

Msimamo sahihi unaunganisha haki na wajibu. Kijana mhitaji ana haki ya kudai mkopo bila aibu na bila kumpigia mtu magoti. Mhitimu ana wajibu wa kuulipa bila kusakwa. Upande mmoja ukivunjika, wa pili hausimami.

Hitimisho: kazi zilizo mbele yetu

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kila tawi, kwa kushirikiana na serikali ya mtaa au kijiji na walimu wakuu, lifanye kazi zifuatazo.

Kwanza, wanafunzi wa Kidato cha Tano waorodheshwe, vyeti vyao vya kuzaliwa vikaguliwe, na tofauti za majina zirekebishwe mwaka mzima kabla ya kuomba.

Pili, kila kifo kijijini kiandikishwe ndani ya muda wa sheria. Balozi wa shina ndiye wa kwanza kufika msibani, na ndiye anayefaa kuikumbusha familia kabla ndugu hawajatawanyika.

Tatu, dirisha la maombi likifunguliwa, kiongozi mwenye muhuri atangaze siku na saa za kusaini, hadharani, bila malipo.

Nne, wahitimu walioko katani, walimu hasa, waombwe kukaa na waombaji siku moja au mbili kuwasomea mwongozo na kukagua fomu zao. Mtu aliyekwisha kupita njia anajua mashimo yake.

Tano, makada wenyewe walio na madeni ya mikopo waanze kulipa. Hatuwezi kumfundisha mwanafunzi wajibu tunaoukwepa sisi.

Kazi hizi hazihitaji bajeti mpya wala waraka kutoka makao makuu. Zinahitaji daftari, nidhamu na kiongozi anayewajua watu wake kwa majina. Zisipofanyika, fungu la mikopo linaweza kuongezwa kila mwaka na bado yatima wa kijijini akaukosa mkopo, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba baba yake alikufa.